Maisha ya Beryl Markham, Rubani

Siku yo yote ukipita Omurushaka au Nkwenda, hukosi kumwona fundi wa pikipiki amechutama kando ya njia, bisibisi mkononi, ameinamisha sikio kama mtu anayenong'onezwa. Anafungua skrubu ya kabureta robo mzunguko, anasikiliza; anaifunga kidogo, anasikiliza tena. Pikipiki iliyokuwa ikikohoa na kutoa moshi mweusi huanza kunguruma sawasawa. Mwenyewe hulipa fedha, akapanda, akaenda zake bila kuuliza ni nini kilichotendeka. Kilichotendeka ni kwamba fundi amepatanisha vitu viwili, petroli na hewa, kila kimoja kwa kiasi chake. Muhula huu twasimulia maisha ya mwanamke aliyeishi kwa kazi hiyo hiyo ya kupatanisha petroli na hewa, ila yeye alikuwa angani, peke yake, mara nyingi usiku, na fundi wa kuitwa hakuwapo. Jina lake ni Beryl Markham.

Alizaliwa Ashwell, Uingereza, tarehe 26 Oktoba 1902, akaitwa Beryl Clutterbuck. Alikuwa bado mtoto mdogo baba yake, Charles Clutterbuck, alipohamia nchi ambayo leo ni Kenya, akaanzisha shamba Njoro, karibu na Nakuru. Mama hakuipenda nchi ile. Akarudi Uingereza pamoja na mtoto wa kiume, na Beryl akabaki na baba. Hapa tuseme wazi kwamba mashamba yale ya walowezi hayakuwa nchi tupu isiyo na wenyewe. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyowagawia Wazungu, na Waafrika wengi wakageuka kuwa vibarua palepale walipozoea kuchunga ng'ombe wao.

Baba alikuwa na shughuli zake, na mtoto akalelewa zaidi na watu wa Kinandi na Kikipsigis waliokuwa shambani. Alisema Kiswahili tangu utotoni, akajua na lugha yao pia. Alikwenda mwituni kuwinda pamoja na wanaume, mkuki mkononi, jambo ambalo wasichana wa Kinandi wenyewe hawakuruhusiwa kulifanya. Mzee aliyemfundisha kufuata nyayo za wanyama alikuwa arap Maina, ambaye baadaye aliuawa katika vita kuu iliyoanza mwaka 1914. Mwanawe, aliyeitwa Kibii, alikuwa rafiki wa Beryl katika michezo yote. Kibii alipokuwa mtu mzima akaitwa arap Ruta, na tutamkuta tena mbele. Siku moja simba aliyefugwa na jirani alimrukia Beryl akamjeruhi. Alipona, akabaki na makovu, lakini hakuwa mwoga kwa sababu hiyo.

Baada ya vita mambo ya baba yakaharibika. Shamba likauzwa, naye akasafiri kwenda Peru, Amerika ya Kusini, kutafuta maisha. Beryl hakumfuata. Alikuwa hajafikia miaka 20, akachukua leseni ya kufunza farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza kuipata katika Kenya. Mfunzi wa farasi hutazama miguu na manyoya ya mnyama, lakini zaidi husikiliza pumzi yake, maana farasi mwenye kasoro kifuani hujulikana kwa pumzi kabla hajaanza kuchechemea. Beryl alikuwa na sikio hilo, na farasi wake walishinda mbio kubwa za Nairobi. Aliolewa na kuachana, akaolewa tena mwaka 1927 na Mansfield Markham, ambaye jina lake alilichukua hata kufa kwake. Walipata mtoto mmoja wa kiume. Ndoa hiyo nayo haikudumu, wala hatuna haja ya kuingia katika habari za nyumba yake, ambazo zilisemwa sana na watu wa Nairobi.

Wakati huo eropleni zilikuwa zimeanza kufika katika nchi zetu. Mwaka 1929 mama mmoja wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Mwezi wa Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kuchukua barua kutoka London hata Mwanza, kando ya ziwa letu hili hili la Victoria. Watu wa pande za Ziwa walizoea basi kuona mashine hizo zikipita, na kusikia kwamba nyingine zimeanguka. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mtu maarufu sana miongoni mwa walowezi wa Kenya, aliondoka Voi na eropleni yake ndogo aina ya Gipsy Moth, ikaanguka mara tu baada ya kuruka, akafa pamoja na mtumishi wake wa Kikikuyu. Beryl alikuwa ameombwa kufuatana nao katika safari hiyo. Campbell Black alimshauri asiende, naye akasikia.

Mtu mwingine angeogopa. Beryl mwaka huo huo alijifunza kurusha eropleni, na mwalimu wake alikuwa Campbell Black. Mwaka 1933 akapata leseni ya daraja la B, ndiyo leseni ya rubani wa kulipwa, mwanamke wa kwanza kuipata katika Kenya. Leseni hiyo haikutolewa kwa kujua kuruka na kutua tu. Ilimpasa ajue kufungua injini, kusafisha vitundu vya kabureta na vichujio, kubadili plagi na kuzirudisha zote mahali pake. Sababu yake ni rahisi kuiona. Eropleni ikizima injini huko porini, rubani hana mtu wa kumwita.

Inafaa tusimame kidogo hapa tueleze kabureta, maana bila kuielewa mtu hataelewa lililompata Beryl baadaye.

Petroli peke yake haiendeshi injini. Inayowaka ndani ya silinda ni petroli iliyochanganyika na hewa, na kila kilo 1 ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote. Wengi hudhani hewa haina uzito, basi na tufanye hesabu. Lita 1 ya petroli huhitaji hewa yote ya chumba kidogo chenye mita 2 kila upande na kimo cha mita 2 na robo, nacho kiwe pwani. Kabureta ndiyo inayopima. Ina koo jembamba ambalo hewa hupita kwa kasi, na hewa ipitayo kwa kasi hupungua nguvu ya kusukuma. Kwa hiyo petroli iliyo kando hunyonywa kupitia kitundu kidogo kama cha sindano, ikanyunyizwa kama umande katika hewa hiyo. Pembeni mna kibakuli chenye boya, ambalo hupanda na kushuka likifunga na kufungua njia ya petroli, ili kimo chake katika kibakuli kisibadilike.

Petroli ikizidi, injini hukohoa, hutoa moshi mweusi, nguvu hupungua, na plagi hupakwa masizi. Ikipungua, injini hupata moto mno. Hupiga kelele kavu, huruka mapigo, na mwisho huzima au hutoboa pistoni. Plagi nayo huwa nyeupe kama jivu. Plagi iliyo sawa ni ya rangi ya hudhurungi. Katika makosa hayo mawili, rubani huogopa zaidi lile la pili. Petroli ikizidi hupotea bure, lakini petroli nyingi kidogo huipoza injini. Petroli ikipungua huiunguza.

Tena kuna jambo la urefu wa nchi. Vilima vyetu vya Karagwe na Kyerwa vingi vimepita mita 1,500 juu ya bahari, na Nairobi imepita mita 1,600. Katika urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu 1 katika 7. Injini huvuta ujazo ule ule wa hewa kila pigo, lakini uzito wake umepungua, ilhali petroli haikupungua kwa kiasi hicho. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa vema Dar es Salaam ikifika Kayanga huwa imekunywa petroli kupita haja yake. Wahunzi wa zamani wa Karagwe, waliosifika mbali kwa chuma chao, walikuwa na mivukuto na mabomba ya udongo kwa kazi iyo hiyo, maana makaa pasipo hewa ya kutosha hayayeyushi cho chote. Eropleni huongeza taabu, kwa kuwa yenyewe hupanda na kushuka saa ile ile. Ndiyo maana rubani amewekewa mkono wa kurekebisha mchanganyiko. Akipanda hupunguza petroli kidogo kidogo huku akisikiliza injini. Akishuka kwenda kutua huiongeza, na akisahau kuiongeza injini inaweza kumzimikia hapo pa hatari zaidi.

Wanafunzi wanaopenda ufundi watafurahi kujua kwamba miaka ile ile ya 1930, kule Philadelphia nchini Marekani, kijana William Brown alitengeneza injini ya petroli ya ndege za mfano, ndogo hata kukaa katika kiganja, ujazo wa silinda yake karibu sentimita 10 za ujazo. Iliitwa Brown Junior. Injini kama hiyo haina boya wala mkono wa rubani, ina sindano moja tu yenye skrubu. Mchezaji huiwasha, huifunga sindano polepole mpaka mlio mzito uliokatikakatika ugeuke kuwa mlio mmoja mwembamba wa juu, kisha huirudisha nyuma kidogo. Kurudisha huko ndiko watu wasio na subira wanakokuacha. Hapo tena huishika ndege na kuielekeza pua juu. Tangi likiwa chini kuliko injini, petroli hupanda kwa shida, mchanganyiko huwa mkavu, na injini iliyobanwa mno itazima mkononi. Ni heri izimie mkononi. Beryl Markham aliyafanya hayo hayo katika injini kubwa zaidi, lakini yeye aliketi nyuma yake.

Kazi yake katika Kenya ilikuwa ya kuajiriwa kwa safari. Alichukua barua, abiria, dawa na wagonjwa, katika eropleni yake aina ya Avro Avian yenye alama VP-KAN. Haikuwa na redio. Viwanja vingi vilikuwa nyasi zilizofyekwa tu, na usiku taa zake zilikuwa mioto iliyowashwa na watu. Arap Ruta alikuwa naye tena, akaacha farasi akaenda kwenye kibanda cha eropleni, akaisafisha na kuiandaa. Yafaa kujiuliza jambo moja hapa. Watoto wawili walikua pamoja, wakakimbia pamoja, wakawinda pamoja. Mmoja akawa rubani, na mwingine akawa mtumishi wa rubani. Akili ya arap Ruta haikuwa pungufu, lakini katika Kenya ya miaka ile Mwafrika hakufunguliwa mlango wa kazi ile. Beryl mwenyewe ameandika juu yake kwa mapenzi na heshima, ila juu ya mlango uliofungwa hakuandika mengi.

Safari moja yake yatugusa sisi watu wa Ziwa. Tarehe 16 Juni 1935 aliondoka Nairobi usiku kwenda Nungwe, kando ya Ziwa Victoria, katika nchi ya dhahabu ya Geita, mahali si mbali sana na kwetu. Wachimba dhahabu wa huko walikuwa na mgonjwa mahututi, na daktari wao alikuwa ametuma habari kuomba oksijeni. Beryl alipakia chupa ya oksijeni, akaruka gizani saa 3 na dakika 40 juu ya nchi isiyo na taa, akatua penye kiwanja kidogo kilichoonyeshwa kwa mioto. Mtu yule alikosa hewa, na aliyempelekea hewa alikuwa amekaa saa zote hizo akisikiliza kama injini yake inapata ya kwake. Usiku, rubani wa siku zile alikuwa na msaada mmoja ambao mchana hauonekani. Aliweza kutazama ulimi wa moto katika bomba la moshi la injini. Ukiwa mwekundu wenye moshi, petroli imezidi. Ukiwa mfupi wa buluu, injini inakula vema. Katika safari hiyo alimtafuta pia rubani wa Wilson Airways aliyepotea Serengeti na eropleni iliyoharibika. Akamwona kutoka juu, akatua, akamwokoa.

Aliwatafutia wawindaji tembo pia, akiruka na kuangusha chini karatasi za kuonyesha kundi lilipo. Kazi hiyo ilimlipa vizuri. Kwa macho yetu ya leo si kazi ya kujivunia, na yeye mwenyewe hakuona fahari nyingi ndani yake.

Sasa tufike mwaka 1936. Eropleni nyingi zilikuwa zimevuka Bahari ya Atlantiki kutoka Marekani kuja Ulaya. Bibi Amelia Earhart alikuwa amevuka peke yake mwaka 1932 kwa njia hiyo. Lakini kutoka Ulaya kwenda Marekani ni taabu nyingine, kwa kuwa upepo wa bahari ile kwa kawaida hutoka magharibi, na mwenye kwenda huko hupata upepo wa mbisho njia nzima. James Mollison aliweza mwaka 1932, akianzia Ireland. Kutoka Uingereza yenyewe hakuna mtu aliyekuwa ameruka peke yake bila kutua hata ng'ambo ya pili, na hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka peke yake Atlantiki ya Kaskazini kuelekea magharibi. John Carberry, mlowezi tajiri wa Kenya, alikuwa na eropleni mpya aina ya Percival Vega Gull, alama VP-KCC, iliyoitwa The Messenger. Akamwambia Beryl kwamba akithubutu kuvuka, atampa eropleni hiyo aitumie. Akathubutu.

Injini yake ilikuwa Gipsy Six, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na vichwa vikielekea chini, ujazo wa lita 9 na kidogo, nguvu za farasi 200. Ilikuwa injini moja tu. Viti vya abiria viliondolewa, mahali pake pakawekwa matangi ya petroli, na mengine yalikuwa mabawani. Matangi ya ziada hayakuwa na kipimo cha kuonyesha petroli iliyobaki. Rubani alijua tu kwamba tangi fulani ni la saa kadhaa. Agizo alilopewa ni kulimaliza tangi kabisa, mpaka injini izime, kisha kufungua bomba la tangi la pili. Msomaji na atafakari agizo hilo. Ni kungoja injini ife juu ya bahari, usiku, na kutumaini kwamba itafufuka.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, eropleni imelemewa na petroli hata ikachukua kiwanja kirefu ndipo ikaruka. Hakuwa na redio. Hakuchukua hata koti la kuelea majini, alipendelea nguo za baridi. Mvua na mawingu vilimkuta karibu tangu mwanzo, na upepo ulimpiga usoni. Usiku, akiwa futi 2,000 juu ya bahari, injini ikakohoa, ikazima. Tangi la kwanza lilikuwa limekwisha kama ilivyotazamiwa. Akapapasa gizani atafute bomba la kufungulia. Bomba likifunguliwa, petroli haifiki mara moja. Ni lazima ijaze kwanza mrija uliojaa hewa, kisha kibakuli cha kabureta, ndipo tundu lipate cha kunyunyiza. Muda huo wote eropleni ilikuwa ikishuka. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba ilifika futi 300 tu kutoka majini ndipo injini iliposhika tena. Akapanda juu akaendelea, akijua kwamba atayarudia hayo katika kila tangi.

Kulipokucha alikuwa bado yu juu ya ukungu. Baadaye akaona pwani ya Newfoundland, na moyo wake ukatulia. Alikusudia New York, lakini upepo ulikuwa umemla petroli nyingi, basi akaazimia kutua kwanza Sydney, katika kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, aongeze mafuta. Alikuwa katika tangi la mwisho, na kwa hesabu yake lilikuwa na petroli ya kutosha kufika na kusaza. Hapo injini ikaanza kukohoa. Ikashika, ikazima, ikashika. Alifungua na kufunga mabomba mpaka mikono ikatoka damu. Kila iliposhika alipanda juu kidogo, na kila ilipozima alishuka kwa kuteleza hewani, mara nyingi hivyo, huku nchi kavu ikikaribia polepole.

Petroli ilikuwamo. Iliyokosekana ilikuwa hewa, tena si ya kabureta bali ya tangi. Kila mwenye dumu la lita 20 ajua kwamba ukilimimina bila kuacha nafasi, hugugumia na kumwaga kwa mikupuo, kwa sababu hewa yang'ang'ania kuingia pale pale yanapotokea maji. Ukitoboa tundu dogo juu, yatashuka mfululizo. Kopo la maziwa pia hutobolewa matundu mawili. Tangi la eropleni lina tundu kama hilo, ili hewa iingie kadiri petroli inavyotoka. Katika baridi na unyevu wa usiku ule barafu iliziba tundu la tangi la mwisho, kama Beryl mwenyewe alivyoeleza baadaye. Petroli ikawa inafika kwa matone, mchanganyiko ukawa mkavu kupita kiasi, na injini ikafa kwa njaa karibu na chakula. Barafu yenyewe pengine haikuzidi ukubwa wa punje chache za mahindi.

Alivuka pwani, akatafuta mahali pa kutua, akaona uwanda wa kijani. Ulikuwa bwawa. Magurudumu yalizama, pua ikajikita matopeni, mkia ukabaki juu. Beryl aligonga kichwa akapasuka paji la uso, lakini akatoka mwenyewe. Wavuvi wa mahali pale, panapoitwa Baleine, wakamkuta anatembea matopeni. Alikuwa amekaa hewani zaidi ya saa 21. Uwanja wa Sydney ulikuwa umebaki dakika chache mbele.

Yeye alijiona ameshindwa, kwa kuwa hakufika New York na eropleni ya watu ilivunjika. Watu wa dunia hawakuona hivyo. Alipelekwa New York, umati mkubwa ukampokea, na magazeti yakajaa jina lake, mtu wa kwanza kuruka peke yake bila kutua kutoka Uingereza hata Amerika ya Kaskazini. Twaonelea umati ulikuwa na haki kuliko yeye. Rubani hodari angeweza kuzuiwa na tundu lile, lakini asiye hodari angeangukia baharini.

Furaha haikukaa. Tarehe 19 Septemba 1936, siku 15 tu tangu Beryl aondoke Abingdon, mwalimu wake Campbell Black aliuawa katika uwanja wa Speke, Liverpool. Miaka miwili kabla alikuwa ameshinda, pamoja na C. W. A. Scott, yale mashindano makubwa ya kuruka kutoka Uingereza hata Melbourne, Australia. Hakufia angani. Alikuwa chini, katika eropleni yake, na eropleni nyingine iliyokuwa ikitembea uwanjani ikamgonga.

Beryl hakufanya tena safari kubwa ya namna ile. Alikwenda kuishi Marekani, na mwaka 1942 akatoa kitabu cha maisha yake, West with the Night. Wako wasemao kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, aliyekuwa mwandishi, ndiye aliyekiandika au aliyekitengeneza sana, na ubishi huo haujakwisha. Kitabu kilisifiwa na waliokisoma, lakini ulikuwa wakati wa vita, nacho kikasahauliwa upesi. Baada ya vita alirudi Kenya, akashika tena kazi yake ya kwanza ya farasi, na kwa miaka mingi farasi wake wakashinda mbio kubwa za nchi ile, pamoja na Kenya Derby mara kadhaa.

Uzee ulimkuta Nairobi hana mali nyingi, katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mashindano wa Ngong. Mwaka 1983, alipokuwa amepita miaka 80, kitabu chake kilichapishwa upya Marekani, na mara hii watu wengi sana wakakinunua. Fedha ikampata mwishoni mwa maisha, na waandishi wakaanza kumjia kumwuliza habari za usiku ule wa Atlantiki. Alikufa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, na ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu kutimia miaka 50 tangu aondoke Abingdon.